Wimbo wa Nne, Dakika ya Pili

Mimi hupima malori Malaba, zamu ya usiku.
Kazi yangu ni kuamini mizani, si dereva.
Basi niaminini nikisema sauti hii ina uzito.

Albamu ina nyimbo nane, dakika thelathini na moja.
Waliirekodi Tororo, katika kiwanda cha kuchambua pamba
kilichofungwa kabla sijazaliwa:
popo darini, ukuta ungali unanuka grisi.
Etyang yuko kwenye besi. Noti tatu, habadilishi,
kama mtu anayebisha hodi nyumba anayojua ina watu.
Obbo ngoma. Gitaa la Wandera limeshika kutu,
linakwaruza pembeni, halitaki kupendwa.
Wenyewe wanauita muziki huu posti-panki.
Mama anauita kelele za watu waliosoma.

Halafu Nyapendi anafungua kinywa.

Usitegemee asali.
Ni bati linaloburutwa juu ya kokoto,
liko chini, chini kabisa, kisha bila ilani
linapanda, na huko juu halitetemeki,
linasimama tu, limeshika kiuno, linakutazama.
Wapo waimbaji wanaokuomba uwasikie.
Huyu anakusomea deni lako.

Na anaimba Kiswahili. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.
Kwetu lugha hii ilikuja imevaa buti.
Ilisimama kizuizini na tochi, ikasema:
Shuka. Kaa chini. Vua viatu. Nyamaza.
Marehemu baba alijua maneno hayo tu.
Mengine aliyajua kwa Kidhopadhola, kwa vitabu, kwa utani;
haya aliyajua kwa magoti.
Siku nilipoucheza nyumbani, sauti ya kwanza ya Nyapendi,
Mama alifunga madirisha mawili
kabla hajajua anamfungia nani.

Wimbo wa nne unaitwa hivyo hivyo, "Shuka."
Nyapendi ameziokota zile amri, moja moja,
amezipangusa vumbi la saruji, anazirudisha kwa wenyewe:
Shuka, wewe uliye juu ya gari.
Kaa chini, tuhesabu waliopungua.
Vua viatu, humu watoto wamelala.
Nyamaza

na papo hapo, dakika ya pili na sekunde kumi,
umeme wa Tororo unakatika.
Si pambo la studio. Unaisikia besi ikizama,
gitaa likimezwa katikati ya neno lake.
Obbo anapiga mara mbili, tatu, anapotea, anaacha.
Kinasa sauti kilikuwa cha betri.

Yeye hakuacha.

Hakuna spika tena, hakuna waya,
kuna koo moja na paa la mabati,
na ile sentensi ambayo kizuizini
hakuna aliyewahi kuisikia ikiendelea:
nyamaza, sasa nasema mimi.
Mara ya kwanza kwa nguvu.
Mara ya pili kwa sauti ya kawaida, kama anaomba chumvi,
na hiyo ya pili ndiyo inayonisimamisha nywele.
Popo unawasikia wakitoka.

Etyang alitaka warudie umeme ukirejea.
Mpaka leo anasema wimbo ule ni nusu.
Huenda. Mimi sijui muziki, najua tani.

Dereva mmoja wa Mombasa aliusikia kwenye simu yangu,
akiwa anasubiri stakabadhi, saa tisa za usiku.
Nikamwona anatabasamu, nikajua anacheka lafudhi.
Akasema: Kiswahili chake kina matuta, ndugu yangu.
Wimbo ukafika mwisho. Akasema tena:
lakini sioni wa kuyapita kwa kasi.

Juzi nimemkuta Mama anaanika.
Haimbi, Mama; hajawahi, hata kanisani.
Alikuwa anakung'uta mashati yangu ya kazi,
na kila shati na neno lake, kwa pumzi tu:
Shuka. Kaa chini. Vua viatu.

Shati la nne alilishika muda mrefu.
Akaniona.
Akalibana kambani, akaingia ndani,
na dirisha la upande wa barabara
akaliacha wazi.